Tafuta Neno Ndani ya Neno

Mwezi huu liweke jembe pembeni kwa muda mfupi. Chukua kalamu na kipande cha karatasi. Kama huna karatasi, chukua kijiti uandike mchangani. Leo tutafanya kazi ya kutafuta maneno.

Kazi hii inafanana na mchezo. Watoto wako wataipenda. Lakini mwisho wake si mchezo. Utaona jinsi herufi mbili tu, zilizoandikwa kwenye pakiti ya mbegu, zinavyoweza kuwalinda watu wa nyumba nzima.

Kwanza nikueleze sababu. Mtu aliyejifunza kusoma ukubwani huwa na tabia moja. Huona herufi za mwanzo, kisha hukisia zilizobaki. Akiona MBO, husema "mbolea". Kumbe neno lenyewe ni MBOGA. Tabia hii haiwapati wanakisomo peke yao. Hata waliosoma miaka mingi huipata wakiwa na haraka.

Dawa yake ni kulizoesha jicho kutazama kila herufi. Mkulima mzuri hapiti shambani akitazama safu ya kwanza tu. Hupita katikati, hugeuza jani, hutazama chini ya jani. Msomaji naye afanye hivyo hivyo. Asitosheke na mwanzo wa neno. Aligeuze.

Tutakwenda hatua kwa hatua. Tutaanza na herufi nne, kisha tatu, kisha mbili.

HERUFI NNE

Andika herufi hizi: A, I, L, M.

Swali: Ni maneno gani ya Kiswahili yanayotumia herufi hizi zote nne, kila moja mara moja tu?

Herufi nne zisizofanana zinaweza kupangwa kwa njia 24. Ukizijaribu zote utachoka. Tena nyingi hazina maana. AILM si neno. MLAI si neno. Basi tutumie akili ya mkulima. Mkulima hapandi kila mahali. Hupanda panapoota.

Kiswahili kina irabu tano: A, E, I, O, U. Herufi nyingine ni konsonanti. Silabi nyingi za Kiswahili ni konsonanti moja ikifuatwa na irabu moja. Hapa tuna konsonanti mbili, L na M. Tuna irabu mbili, A na I. Zioanishe. Utapata silabi hizi: LA, LI, MA, MI.

Sasa unganisha silabi mbili mbili, bila kurudia herufi:

LA na MI, LAMI.
LI na MA, LIMA.
MA na LI, MALI.
MI na LA, MILA.

Tazama, ndugu msomaji. Tumejaribu mara nne tu, na mara zote nne tumepata neno. Lami ni ile ya barabara. Lima ni kazi yetu. Mali ni matunda ya kazi hiyo. Mila ni desturi tulizorithi kwa wazee.

Liko na neno la tano. Ni IMLA. Imla ni pale mwalimu anaposema maneno nanyi mnayaandika. Neno hili limeanza na irabu, na herufi M imesimama bila irabu yake. Kwa hiyo kuoanisha silabi ni njia nzuri, lakini haifiki kila mahali. Ukimaliza njia hiyo, jaribu tena kwa kuanza na irabu.

Sasa tuchukue herufi nyingine nne: A, D, M, U. Tufanye kama mwanzo:

DA na MU, DAMU.
DU na MA, DUMA.
MA na DU, MADU. Hilo si neno.
MU na DA, MUDA.

Tumepata maneno matatu: damu, duma na muda. Herufi ni zile zile. Zimebadilishana nafasi tu. Lakini damu iko mwilini, duma yuko porini, na muda uko kwenye saa. Kwenye pakiti ya dawa utaona maneno "muda wa mwisho wa kutumia". Msomaji wa kukisia anaweza kuona D, M na A, akasema "damu", akababaika. Msomaji anayetazama kila herufi atajua kwamba anaambiwa tarehe, na kwamba tarehe hiyo ikipita dawa isitumike tena.

KANUNI NNE ZA KUKUSAIDIA

Kabla ya kuendelea, shika kanuni hizi nne. Zitakupunguzia kazi unapotafuta maneno.

Kwanza, karibu kila neno la Kiswahili huishia na irabu. Yapo machache yasiyofuata kanuni hii, kama neno RAIS. Lakini ukitafuta neno, weka irabu mwisho kwanza.

Pili, herufi Q na X hazitumiki katika maneno ya Kiswahili. Na herufi C haitembei peke yake. Huongozana na H, kama katika CHAI na KUCHA. Ukipewa herufi C, itafute H.

Tatu, herufi M na N zinaweza kutangulia konsonanti nyingine. Ndiyo maana tunaandika MBEGU, NDIZI, NJUGU, MTAMA na MKULIMA.

Nne, angalia alama ndogo ya juu. NG katika NGOMA si sawa na NG' katika NG'OMBE. Alama hiyo nayo isomwe.

HERUFI TATU

Sasa rudi kwenye A, I, L, M. Ondoa A. Zimebaki L, I, M.

Swali la pili ni tofauti na la kwanza. Sasa hatuzipangi herufi upya. Tunatafuta maneno ambayo ndani yake herufi L, I, M zimefuatana hivyo hivyo: LIM. Zinaweza kuwa mwanzo wa neno, katikati, au karibu na mwisho.

Weka gazeti chini kidogo. Fikiri maneno yako mwenyewe kwanza. Kisha linganisha na haya:

kulima
mkulima
kilimo
elimu
mwalimu
elimisha
salimia
ulimi
mlima
kilima
Kilimanjaro
ulimwengu
limau
limbikiza
malimbuko
mkalimani

Hayo ni maneno 16. Pengine wewe umepata mengine. Yaongeze.

Sasa yatazame tena. Je, maneno haya yote ni ndugu? Hapana. Kijijini watu wawili wanaweza kuvaa shati la rangi moja bila kuwa wa ukoo mmoja. Maneno nayo ni hivyo.

Kulima, mkulima na kilimo ni ukoo mmoja. Yote yanahusu kazi ya shamba. Elimu, mwalimu na elimisha ni ukoo mwingine. Huo ulitoka katika Kiarabu. Mlima na kilima ni ukoo wa tatu. Ulimi uko kinywani. Limau liko mtini. Mkalimani ni mtu anayetafsiri maneno ya mmoja ili mwingine aelewe. Malimbuko ni mazao ya kwanza ya msimu. Limbikiza ni kuweka kidogo kidogo mpaka kiwe kingi. Wote hawa wamevaa shati la LIM, lakini kila mmoja ana kwao.

Utajuaje ukoo wa neno? Jiulize maana yake. Kama maana zinakaribiana na herufi zinafanana, huenda ni ndugu. Kama herufi zinafanana lakini maana ziko mbali, usiwaite ndugu.

Jambo hili litakusaidia pia ukitaka kutafuta neno katika kamusi. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitolewa mara ya kwanza mwaka 1981. Iliandaliwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Maneno ya kamusi hupangwa kwa kufuata herufi, kuanzia A mpaka Z. Lakini ukitafuta neno HATUKULIMA kwenye herufi H, hutalipata. Ondoa kwanza HA, TU na KU. Imebaki LIMA. Litafute kwenye L. Na ukitafuta WAKULIMA, lirudishe kwenye umoja, liwe MKULIMA. Litafute kwenye M.

Kwa hiyo anayejua kutafuta neno ndani ya neno anajua pia kulifungua. Ni kama kumenya muhindi. Unaondoa ganda moja moja mpaka unafika kwenye punje.

HERUFI MBILI

Sasa tumefika kwenye herufi mbili. Hapa, ndugu msomaji, nakuomba usome taratibu.

Herufi hizo ni S na I. Zikifuatana zinasomeka SI.

Soma maneno haya mawili:

ZILIWE
ZISILIWE

La kwanza linaruhusu. Maana yake ni kwamba kitu hicho watu wakile. La pili linakataza. Maana yake watu wasikile. Tofauti yake ni SI tu. Tena SI hiyo haiko mwanzo wala mwisho. Imejificha katikati ya neno. Mtu anayesoma kwa kukisia ataona ZI mwanzoni, ataona LIWE mwishoni, na atasema "ziliwe". Amesoma kinyume kabisa.

Neno hili utalikuta wapi? Utalikuta kwenye pakiti ya mbegu. Mbegu nyingi za dukani, hasa za mahindi, hutiwa dawa ya kuzuia wadudu na ukungu zikiwa ardhini. Mara nyingi huchanganywa na rangi, kama nyekundu, waridi, kijani au buluu. Rangi hiyo si pambo. Imewekwa ili mtu ajue kwamba hicho si chakula. Na nje ya pakiti huandikwa onyo, kwa mfano: MBEGU HIZI ZIMETIWA DAWA. ZISILIWE.

Katika kijiji kimoja ninachokihudumia, familia moja ilimaliza kupanda ikabakiwa na nusu pakiti ya mbegu. Ulikuwa mwezi wa shida. Akiba ya ghalani ilikuwa imekwisha na mavuno yalikuwa mbali. Mama mwenye nyumba alizimimina mbegu zile kwenye sufuria ili apike makande. Mkwewe alikuwa anasoma darasa la kisomo. Aliiokota pakiti tupu, akaisoma kwa kidole, herufi kwa herufi.

"Mama," alisema, "hapa wameandika zisiliwe."

"Mahindi ni mahindi, mwanangu. Sisi tumekula mbegu miaka yote."

"Zile tulizichagua wenyewe, mama, gunzi kwa gunzi. Hizi zimetiwa dawa. Tazama rangi yake."

"Basi nitaziosha mara tatu."

Mkwe akainama, akasema kwa upole, "Mama, karatasi haikusema zioshwe. Imesema zisiliwe."

Mama alinyamaza kidogo. Kisha akazirudisha mbegu kwenye pakiti. Usiku ule walikula mihogo. Haikuwashibisha sana, lakini asubuhi wote waliamka wazima.

Yule mkwe alisema kweli. Kuosha hakuondoi dawa yote kwenye mbegu. Kupika nako hakuwezi kutegemewa kuiondoa. Mbegu zilizotiwa dawa zisiliwe na watu, wala wasipewe kuku. Kama zimebaki, zihifadhi kwa kupanda tena, mahali pakavu, mbali na chakula na mbali na watoto.

SI YA KUKATAZA NA SI YA KAWAIDA

Sasa fanya zoezi. Hapa chini nimeandika maneno yanayofanana na yale ya chupa ya dawa ya kunyunyizia mazao. Ni mfano tu. Soma, kisha piga mstari chini ya kila neno lenye SI.

DAWA YA KUUA WADUDU WA MAZAO. SUMU.
USINYUNYIZE WAKATI WA UPEPO MKALI.
USILE, USINYWE WALA USIVUTE SIGARA UKIWA KAZINI.
USIVUNE KABLA YA SIKU 14 KUPITA.
USITUMIE TENA CHUPA HII.
HIFADHI MBALI NA WATOTO, USIKU NA MCHANA.

Umepata maneno mangapi? Yako tisa: usinyunyize, usile, usinywe, usivute, sigara, usivune, siku, usitumie na usiku.

Lakini je, yote tisa yanakataza? Hapana. Kumbuka somo la shati la LIM. Maneno SIGARA na SIKU yana SI, lakini hayakatazi kitu. Na USIKU ni mjanja zaidi. Limeanza na USI kama makatazo yenyewe. Kumbe ni usiku tu, wakati wa kulala.

Utazitofautishaje? Iko njia rahisi. Iondoe SI, kisha soma kilichobaki.

USILE, ondoa SI, inabaki ULE. Hiyo ni amri. Basi SI ile ilikuwa inakataza.
USINYWE, ondoa SI, inabaki UNYWE. Ilikuwa inakataza.
USIVUNE, ondoa SI, inabaki UVUNE. Ilikuwa inakataza.
USIKU, ondoa SI, inabaki UKU. Haina maana. SI ile haikatazi. Ni sehemu ya neno.
SIGARA, ondoa SI, inabaki GARA. Si amri. SI ile haikatazi.

Kwa njia hii utaona kwamba makatazo katika mfano wetu ni sita. Maneno mengine matatu ni ya kawaida.

Pengine umegundua kwamba makatazo yote sita yameishia na E. Ni kweli, mengi huishia hivyo. Lakini usiifanye hiyo kuwa sheria. Yapo yanayoishia na irabu nyingine, kama USIRUDI, USISAHAU na USIHARIBU. Tena liko onyo linalokuja bila SI. Maneno MARUFUKU, HATARI na HAIFAI hayana SI, lakini yote yanakuonya. Yajifunze nayo kwa sura.

KILA KATAZO LINA SABABU YAKE

Makatazo ya kwenye chupa hayakuandikwa ili kukusumbua. Tuyapitie.

USINYUNYIZE WAKATI WA UPEPO MKALI. Upepo huipeleka dawa usoni mwako, kwenye kisima, au kwenye mboga za jirani.

USILE, USINYWE WALA USIVUTE SIGARA. Mikono yenye dawa huipeleka sumu kinywani. Maliza kazi, nawa kwa maji na sabuni, ndipo ule.

USIVUNE KABLA YA SIKU KADHAA. Dawa inahitaji muda ili ipungue kwenye mazao. Siku hizo hazilingani kwa kila dawa na kila zao. Katika mfano niliandika 14. Kwenye chupa yako inaweza kuwa namba nyingine. Isome namba hiyo, kisha ihesabu kwenye kalenda. Anayenyunyiza nyanya leo na kuzipeleka sokoni kesho anawauzia wenzake sumu.

USITUMIE TENA CHUPA HII. Chupa ya dawa haitoki sumu yote hata ukiiosha vizuri. Isitiwe maziwa, mafuta ya taa wala maji ya kunywa. Ikiisha dawa, isuuze mara tatu, na maji hayo yamimine kwenye bomba la kunyunyizia uyatumie shambani. Kisha itoboe ili mtu mwingine asije akaiokota akaitumia. Usiitupe mtoni.

Kwenye karatasi ya chupa nyingi utaona pia ukanda wa rangi. Nyekundu ndiyo ya sumu kali kuliko zote. Hufuata njano, kisha buluu, kisha kijani. Lakini kijani si ruhusa ya kunywa. Utaona pia picha ya fuvu la kichwa na mifupa miwili. Rangi na picha husaidia. Lakini hazitakuambia usubiri siku ngapi, wala uchanganye kiasi gani. Hayo huelezwa kwa maneno na namba.

Na mtu akimeza dawa kwa bahati mbaya, mkimbizeni kwenye zahanati au kituo cha afya mara moja. Chukueni na chupa yenyewe, ikiwa na karatasi yake. Mganga akiisoma atajua ni sumu gani. Msimlazimishe mgonjwa kutapika kwa kuwa jirani amesema. Sumu nyingine huunguza tena inaporudi kooni.

Kama maandishi ya chupa yako ni ya lugha usiyoijua, usikisie. Mwulize bwana shamba au bibi shamba kabla hujaifungua. Kuuliza si aibu.

KISOMO KISIPOTUMIKA

Ndugu msomaji, nchi yetu ilifanya kazi kubwa ya kufuta ujinga. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1967, kati ya kila watu wazima 100, kiasi cha 67 hawakujua kusoma na kuandika. Kufikia mwaka 1975 walikuwa wamebaki kiasi cha 39. Katika miaka hiyo watu walisoma chini ya miembe, kwenye maghala na makanisani. Wengine walikuja darasani na watoto mgongoni.

Lakini kisomo ni kama jembe. Jembe lisipotumika hushika kutu. Mtu anaweza kupata cheti leo, na baada ya miaka michache asiweze kusoma barua ya mwanawe. Njia ya kuzuia kutu hiyo ni kusoma kidogo kila siku. Soma gazeti hili. Soma kipande cha gazeti ulichofungiwa chumvi dukani. Soma pakiti ya mbegu. Ukikosa kitu cha kusoma, chukua neno moja ulifungue.

Fanyeni hivyo hata darasani. Kateni boksi la sabuni vipande vidogo. Kila kipande kiandikwe herufi moja. Gawaneni vipande, kisha kila kundi litafute maneno. Kundi lenye maneno mengi ya kweli ndilo lililoshinda. Mwenye kuleta neno aeleze na maana yake. Asiyeweza kueleza maana, neno lake lisihesabiwe.

MAZOEZI YA MWEZI HUU

1. Kwa herufi A, I, K, Z, tengeneza maneno. Tumia herufi zote nne, kila moja mara moja.

2. Kwa herufi I, K, N, U, fanya vivyo hivyo.

3. Chukua neno SHAMBA. Tafuta maneno mafupi kwa herufi zake. Unaweza kutumia A mara mbili, kwa kuwa ziko mbili. Nyingine tumia mara moja tu.

4. Chukua neno MBOLEA. Fanya vivyo hivyo, kila herufi mara moja tu.

5. Chukua pakiti au chupa yoyote iliyoko nyumbani kwako. Hesabu maneno yenye SI. Kisha tenga yale yanayokataza.

Jaribu kwanza kabla ya kutazama majibu.

MAJIBU

1. Kazi, kiza, zika.

2. Kuni na kinu. Vyote viwili viko jikoni kwako.

3. Saba, hama, hasa, haba, shaba, baa. Usilidharau hilo neno haba. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Leo umejaza kibaba cha maneno.

4. Boma, mbao, bao, omba, ombea, lea, oa. Tazama lile neno boma lilivyokaa ndani ya mbolea. Na ndivyo ilivyo. Bomani mwa ng'ombe wako mna samadi, nayo ni mbolea usiyoinunua kwa fedha. Isombe uipeleke shambani kabla ya mvua. Mwezi ujao tutazungumza habari za samadi.

5. Jibu la zoezi hili sinalo mimi. Unalo wewe, nyumbani kwako. Lifanye leo, usingoje kesho. Ukimaliza, wasomee watu wote wa nyumbani kwa sauti yale maneno yanayokataza. Msomee na mtoto asiyejua kusoma bado, kwa maana huyo ndiye anayeokota chupa.

Kazi njema, ndugu msomaji. Tuonane mwezi ujao.

Wako,
Bwana Shamba